Programu moja, maduka matatu, bei tatu: dola 299, 149 na 39. Ipi ndiyo bei yake?

#1 Mrekodi wa Kihonda

Wakuu, salaam. Ninarekodi kwaya na mahubiri hapa Morogoro, na tangu mwaka jana nimeanza kuhariri pia video za harusi. Kwaya nyingi hupenda nizirekodi kanisani kwao, chini ya paa la bati na feni ambazo hakuna anayekubali zizimwe, kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kusafisha sauti. Nimepata programu ya kuondoa mvumo na mwangwi ambayo nimeitumia kwa siku zote za majaribio, nikaridhika nayo kiasi cha kutaka kuilipia. Sitaitaja jina kwa sababu swali langu haliihusu hiyo peke yake.

Shida ni bei. Kwenye tovuti ya watengenezaji ni dola 299. Duka la pili linaiuza dola 149, na juu yake dola 299 imekatwa mstari mwekundu. Duka la tatu linaiuza dola 39 na kuiita "leseni ya maisha". Jina ni lile lile, picha ya kisanduku ni ile ile, na maelezo yamenakiliwa neno kwa neno. Kwa shilingi zetu, ni tofauti kati ya karibu laki moja na zaidi ya laki saba na nusu, na pesa inayobaki hapo ingeninunulia maikrofoni. Duka la pili linasema punguzo linakwisha Jumapili saa sita usiku. Naomba mwenye uzoefu anieleze: hapa ninalinganisha bei tatu za kitu kimoja, au vitu vitatu vyenye jina moja?

#2 Sikio la Tatu

Mkuu, hiyo dola 299 usiihesabu kabisa, kwa sababu katika biashara hii bei iliyokatwa mstari mara nyingi hakuna aliyewahi kuilipa. Mimi niliingiwa na shaka kama yako juu ya plagini moja ya mwangwi, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya programu kubwa ya sauti. Nikaenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi nakala za kurasa za zamani, nikaiwekea anwani ya ukurasa wa bidhaa hiyo, kisha nikaandika tarehe na bei kwenye daftari, mstari kwa mstari. Nilipata nakala 14 katika muda wa miezi 16. Katika nakala 12, plagini ilikuwa kwenye "punguzo la muda mfupi", kati ya dola 29 na 35. Bei kamili ya dola 149 niliikuta mara 2 tu. Tangu siku hiyo siulizi punguzo ni asilimia ngapi. Ninauliza bei ya chini kabisa ya mwaka mzima ilikuwa ipi.

Na ile saa inayohesabu kurudi nyuma, ifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Kwenye kompyuta yangu zilikuwa zimebaki dakika 52. Nilipofungua ukurasa ule ule kwenye simu ya mke wangu, ilianza kuhesabu upya muda wa saa nne.

#3 Mtunga Programu

Ndugu Sikio la Tatu, uchunguzi wako ni mzuri, ila hitimisho lako limezidi ukali. Ninaandika programu za sauti hapa Nairobi na kuziuza kupitia tovuti yangu na maduka mawili ya nje, kwa hiyo ninazungumza kutoka upande wa pili wa kaunta. Gharama yangu yote iko kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa: miezi ya kuandika, kupima, kurekebisha. Nakala ya elfu moja hainigharimu karibu chochote. Ndiyo maana bei hushushwa kwa zamu. Anayehitaji leo, kwa sababu kazi inakabidhiwa kesho, hulipa bei kamili. Mwanafunzi na mpenzi wa muziki husubiri Ijumaa Nyeusi ya Novemba. Duka linaloniuzia huchukua sehemu yake katika kila nakala, na mara nyingi ndilo linalopanga kampeni na kuniuliza tu kama ninakubali.

Bei kamili hulipwa na wachache, lakini wapo. Kituo kimoja cha utangazaji kilinunua nakala 6 kwangu katikati ya Februari bila kuomba hata senti ipunguzwe. Kwa hiyo dola 299 inaweza kuwa bei ya kweli ya mtu fulani, hata kama si bei yako.

#4 Mama Mawimbi

Nyote wawili mnazungumzia bei, nami naona kwanza tuulize kinachouzwa. Programu nyingi za sauti na video huuzwa kwa madaraja, na jina kubwa kwenye kisanduku ni moja kwa madaraja yote. Chukueni FL Studio, programu ya kutengenezea muziki ambayo nusu ya studio za pwani hii zinaitumia. Daraja lake la chini, Fruity, linamfaa anayetengeneza midundo kwa kinanda, lakini halirekodi sauti ya mwimbaji. Anayetaka kurekodi waimbaji huanzia Producer. Sasa mtu akiona Fruity kwenye duka moja na Producer kwenye duka jingine, akadhani duka la kwanza ni la bei nafuu, ni sawa na kulinganisha bei ya leso pea nzima na ya kipande kimoja.

Mleta uzi, tuletee mambo matatu kutoka kila duka: jina kamili la daraja, namba ya toleo, na kama maandishi madogo yana neno lolote linaloashiria kwamba hiyo ni bei ya kupandisha toleo kwa mtu ambaye tayari ana la zamani. Hilo la tatu huwaponza wengi, kwa sababu bei ya kupandisha huwa chini sana na huonekana kama punguzo la kila mtu.

#5 Bin Kilwa

Kwani lazima kununua? Audacity ni ya bure tangu mwaka 2000 na inaondoa kelele. Kwa video kuna Kdenlive na Shotcut, nazo ni za bure. Linganisha bei zako zote na sifuri kwanza.

#6 Mrekodi wa Kihonda

Bin Kilwa, nakushukuru, na Audacity nimeitumia miaka minne. Kazi yake naiheshimu. Unaichagulia sekunde chache za kelele tupu, inaijifunza, kisha inaiondoa katika rekodi nzima. Kwa mvumo usiobadilika inafanya vizuri sana. Feni ya kanisani lakini hupanda na kushuka kila umeme unapopungua, na mwangwi wa bati si kelele ya kuchukuliwa sampuli. Nikiibana zaidi, sauti za soprano zinakuwa kama zinatoka ndani ya mtungi.

Mama Mawimbi, nimerudi kuangalia. Daraja ni lile lile kwa maduka mawili ya kwanza. Ila watengenezaji wako kwenye toleo la 11, na duka la pili limeandika "9" kwa herufi ndogo chini kabisa ya ukurasa, karibu na ukubwa wa faili. Duka la tatu halitaji toleo wala daraja.

#7 Fundi Kirumba

Basi jibu la duka la pili umelipata: wanamaliza akiba ya toleo la zamani. Hilo si kosa. Mimi nafanya kazi Mwanza kwa toleo la zamani la programu ya video na wateja wangu hawajui tofauti. Swali la kuuliza ni leseni inakupeleka hadi wapi. REAPER, programu ya kurekodi sauti, kwa mfano, wanaandika wazi: leseni unayonunua kwenye toleo la 7 itafanya kazi hadi 8.99. Dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake ghafi ya mwaka hayafiki dola 20,000. Zaidi ya hapo ni dola 225. Una siku 60 za kujaribu. Bei hiyo hukai ukiivizia.

#8 Pwani Hadi Hamburg

Huku Ulaya sheria imekwisha kulijibu suala la bei iliyokatwa mstari. Tangu tarehe 28 Mei 2022, mwuzaji wa nchi za Umoja wa Ulaya anayetangaza punguzo analazimika kuonyesha bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyohusu maduka ya Aldi Süd, iliamua kwamba hata asilimia ya punguzo lazima ihesabiwe kutokana na bei hiyo ya chini, si kutokana na bei yoyote ya juu anayoichagua mwuzaji. Kwa hiyo, Mrekodi, nunua kwenye duka la Ujerumani au Uholanzi na hutahitaji daftari la Sikio la Tatu.

#9 Hesabu Kwanza

Ndugu wa Hamburg ametukumbusha jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kodi. Duka la Ujerumani humwonyesha Mjerumani bei ambayo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19 imo ndani yake. Programu ya euro 119 kwake ni euro 100 kabla ya kodi. Mteja wa Dar es Salaam anapojaza anwani yake, hiyo 19 hutoka. Lakini tangu Julai 2022 wauzaji wa nje wanaouza huduma za kielektroniki kwa watu binafsi wa Tanzania wanatakiwa kusajiliwa na kutoza kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, kwa hiyo kwa mwuzaji anayetoza kiwango hicho utaishia euro 118. Kenya ni asilimia 16. Maduka ya Marekani, kwa upande wao, huonyesha bei bila kodi na kuiongeza mwishoni. Dola 149 ya mleta uzi inaweza kuwa dola 175.82 kwenye ukurasa wa mwisho, ilhali 299 ya watengenezaji inaweza kuwa tayari ina kodi ndani. Msilinganishe bei za ukurasa wa mbele. Wekeni bidhaa kwenye kikapu, jazeni nchi, fikeni hadi mahali pa kuandika namba ya kadi, hapo ndipo muandike bei kwenye daftari na kufunga ukurasa.

Jambo jingine: ukurasa ukikupa chaguo la kulipa kwa shilingi, fanya hesabu kabla ya kukubali. Niliwahi kuonyeshwa programu ya dola 49 kuwa ni shilingi 138,000. Nikachagua dola, na ujumbe wa benki ukaja na makato ya shilingi 131,000 na kidogo. Duka lilikuwa limejiwekea kiwango chake cha kubadilishia fedha, na hakikuandikwa popote.

#10 Mama Mawimbi

Hesabu Kwanza amesema kweli, na kwetu Kenya tulilipata somo hilo mapema mwaka 2024. Mwezi Januari dola ilikaribia shilingi 160; kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Nilinunua programu ya dola 200 kwa punguzo la asilimia 20 mwezi wa Januari, nikifurahi kwamba nimewahi: dola 160, sawa na shilingi 25,600. Mwenzangu aliyechelewa punguzo akainunua Aprili kwa dola zote 200, akalipa shilingi 26,000. Haraka yangu yote ilinipa shilingi 400.

#11 Wakili wa Masomo

Salaam. Namsahihisha kwa heshima ndugu yetu wa Hamburg katika #8. Kanuni ya siku 30 inahusu bidhaa zinazoshikika. Mwongozo wa Kamisheni ya Ulaya wa mwaka 2021 unaeleza kwamba kifungu hicho hakihusu huduma wala maudhui ya kidijitali. Maikrofoni na kadi ya sauti zimo. Programu ya kupakua haimo. Kinachobaki kwa programu ni sheria za jumla zinazokataza kumpotosha mteja, ambazo mzigo wake wa kuthibitisha ni mzito zaidi. Kenya nayo, katika Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, inahesabu kuwa ni kauli ya uongo kudai kwamba kuna nafuu ya bei wakati nafuu hiyo haipo. Ugumu ni kumfikia mwuzaji ambaye hana hata anwani katika Afrika Mashariki.

#12 Pwani Hadi Hamburg

Sahihisho nimelipokea, Wakili. Nilikuwa nimeona kanuni hiyo ikitumika kwenye kadi ya sauti niliyonunua, nikadhani inavuka hadi kwenye programu zilizokuwa zikiuzwa katika ukurasa ule ule.

#13 Sikio la Tatu

Kwa hiyo tunarudi kwenye daftari langu. Na wewe, Mtunga Programu, nakala 6 za Februari ni mteja mmoja. Ikiwa watu tisa kati ya kumi hulipa dola 30, bei ya programu hiyo ni dola 30, na ile 149 ya plagini yangu ya mwangwi ni pambo la kuifanya 30 ipendeze.

#14 Picha za Goba

Mnabishana juu ya 299 na 149 huku hatari iko kwenye 39. Mwaka juzi nilinunua ufunguo wa leseni kwa dola 35 kwenye soko la mtandaoni ambako watu huuziana funguo. Uliingia mara moja, programu ikafunguka, nikafanya nayo kazi miezi mitano. Asubuhi ya kukabidhi video ya harusi moja ya Mbezi, nilifungua kompyuta nikakuta kisanduku cha kijivu katikati ya kioo kinachosema leseni imeondolewa. Mradi wenyewe ulikuwepo, picha ndogondogo za klipu nikiziona nyuma ya kile kisanduku, lakini siwezi kutoa hata sekunde moja. Mama wa bibi harusi alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni yangu. Niliwaandikia watengenezaji, wakajibu kwa adabu kwamba ufunguo ulinunuliwa kwa kadi iliyoibwa, mwenye kadi akarudishiwa pesa zake, na wao wakaufuta. Aliyeniuzia alikuwa ameshafunga akaunti yake.

Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa duka lolote ni moja: je, jina lake limo katika orodha ya mawakala kwenye tovuti ya watengenezaji?

#15 Mtunga Programu

Pole sana, Picha za Goba. Upande wangu hali huwa hivi: pesa ya nakala inarudishwa kwa mwenye kadi, nakala yenyewe imekwisha kwenda, na benki inanitoza ada juu yake. Siufuti ufunguo kwa sababu nina kinyongo na aliyeununua bila kujua. Ninaufuta kwa sababu nisipoufuta, mwizi yule yule atarudi kununua kumi.

#16 Pwani Hadi Hamburg

Safari hii nimehakikisha kabla ya kuandika. Si kila ufunguo wa bei ya chini umeibwa. Tarehe 3 Julai 2012, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mtu aliyenunua leseni isiyo na mwisho wa muda anaweza kuiuza kwa mwingine, mradi yeye mwenyewe aache kuitumia na nakala yake isifanye kazi tena. Kwa hiyo kuna leseni za mkono wa pili ambazo ni halali. Kuna pia leseni zinazotoka ndani ya maboksi ya vifaa: Ableton Live Lite, ya kutengenezea muziki, kwa mfano, huja pamoja na kadi nyingi za sauti na vinanda vya kuunganisha na kompyuta, na wapo wasioihitaji ambao huiuza. Hiyo ni sababu nyingine ya bei ndogo, na mnunuzi anapaswa kujua kwamba Lite ni daraja lililopunguzwa, si Live kamili.

#17 Fundi Kirumba

Niongeze jambo ambalo halionekani kwenye ukurasa wa bei: leseni inakubali kompyuta ngapi, na nani anaweza kuihamisha. Mwaka jana mvua ya kwanza ya vuli ilileta radi hapa Kirumba, ubao mama wa kompyuta yangu ukaungua. Ukiusogelea ulikuwa unanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Programu mbili nilizonunua zilikuwa zimesajiliwa humo. Ya kwanza, ya bei kubwa, iliniruhusu niingie kwenye akaunti yangu, niifute kompyuta iliyokufa, nisajili mpya, dakika tano. Ya pili niliinunua kwa punguzo la asilimia 70, na leseni yake ilikuwa ya kompyuta moja bila kuhamishwa. Nilipowaandikia waliniambia ninunue tena, na punguzo lilikuwa limekwisha. Kwa hiyo nimeilipia asilimia 130 ya ile bei niliyodhani nimeikwepa.

#18 Bin Kilwa

Na hiyo "leseni ya maisha" ni maisha ya nani?

#19 Kinanda cha Ilala

Swali la Bin Kilwa ni zito kuliko ufupi wake. Adobe waliuza leseni za kudumu hadi Creative Suite 6 (CS6), mkusanyiko wa programu zao za picha na video, ya mwaka 2012. Mwaka uliofuata wakatangaza kwamba matoleo mapya yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka pekee. Mwenye CS6 hakunyang'anywa, lakini leseni yake ilibaki pale pale huku kamera na kompyuta zikisonga mbele. Waves, watengenezaji wa plagini za sauti, nao mwishoni mwa Machi 2023 walitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu, watumiaji wakapiga kelele dunia nzima, na siku chache baadaye kampuni ikazirudisha. Neno "maisha" kwa kawaida humaanisha maisha ya toleo ulilonunua. Image-Line, watengenezaji wa FL Studio, ni miongoni mwa wachache ambao hulipa neno hilo uzito wake wote, kwa kuwa aliyenunua FL Studio hupewa matoleo yote yanayofuata bila kulipa tena.

Kwa wanaolinganisha leseni na malipo ya mwezi, someni masharti ya kuvunja mkataba. Kuna mipango inayoonekana ya mwezi ilhali ni mkataba wa mwaka unaolipwa kwa awamu. Juni 2024 serikali ya Marekani, kwa hoja za Tume ya Biashara ya huko, iliishtaki Adobe ikidai kwamba haikueleza wazi ada ya kujitoa mapema katika mpango wa aina hiyo. Dola 23 kwa mwezi huonekana ndogo mbele ya dola 295 za kulipa mara moja, lakini kwa miezi 12 ni dola 276, na mwezi wa 13 unaanza kulipa tena.

#20 Mama Mawimbi

Umetaja 295 nikajua unaelekea DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video ya Blackmagic Design. Hiyo ndiyo mfano wangu wa punguzo ambalo halikuitwa punguzo. Hadi mwanzoni mwa 2017 Resolve Studio iliuzwa dola 995. Blackmagic Design wakaishusha hadi 299, na leo ni 295, unalipa mara moja na unaweza kuisajili kwenye kompyuta mbili. Toleo la bure linatosha watu wengi wa harusi. Mrekodi, Studio ina pia kifaa cha kutenga sauti ya mtu na kelele, kwa hiyo kwa bei karibu sawa na programu yako ungepata video na sauti kwa pamoja.

#21 Mrekodi wa Kihonda

Mama Mawimbi, wazo lako nilikuwa nimelifikiria, na kwa mahubiri lingenifaa. Tatizo ni kwamba kifaa kile kimetengenezwa kwa ajili ya maneno ya kuzungumzwa. Fundi mwenzangu alinijaribishia wimbo mmoja wa kwaya kwenye kompyuta yake: sauti za watu zilibaki, lakini kinanda na kayamba vilitafunwa, kwa sababu programu ilivihesabu kuwa kelele. Kwa kwaya, kayamba si kelele.

Sasa nilete majibu. Niliwaandikia watengenezaji, wakajibu baada ya siku mbili. Duka la pili ni wakala wao. Linauza toleo la 9, kompyuta mbili, bila haki ya matoleo yajayo, na kupanda kutoka 9 hadi 11 ni dola 99. Yaani 149 na 99 ni 248, kabla ya kodi ya Hesabu Kwanza. Duka la tatu wamesema hawalitambui. Nilipoliuliza duka lenyewe linauza daraja gani, walinijibu kwa kunitumia tena kiungo cha kulipia.

#22 Sikio la Tatu

Umefanya vizuri kuuliza. Nami nilikisia jina la programu kutokana na maelezo yako, sitalitaja, nikapitia nakala za zamani za ukurasa wa watengenezaji. Kama ndiyo hiyo, toleo la 11 lenyewe liliuzwa dola 179 Novemba iliyopita. Subiri.

#23 Mtunga Programu

Novemba iliyopita huenda toleo la 11 lilikuwa jipya na walitaka watu wahamie haraka. Bei ya uzinduzi si ahadi ya kila mwaka. Vilevile huenda Novemba hii wakatoa la 12, na hiyo 179 ikawa bei ya toleo linaloachwa, kama ilivyo 149 leo kwa la 9. Mwenye kwaya kila Jumamosi ahesabu pia anachopoteza kwa kusubiri.

#24 Picha za Goba

Na mimi naona bado hatujui kwa nini wakala auze toleo la 9 kwa bei hiyo ilhali watengenezaji wameliacha. Huenda walinunua leseni nyingi kwa jumla zamani wakabaki nazo, kama muuza nguo aliyebaki na sare za shule iliyobadilisha rangi.

#25 Fundi Kirumba

Kabla hujasubiri wala kulipa: kompyuta yako ni Windows ipi? Microsoft waliacha kuitegemeza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na matoleo mapya ya programu yameanza kuikataa.

#26 Mrekodi wa Kihonda

Ni Windows 10, Fundi, na hilo sikuliangalia. Nimetoka kusoma sasa hivi: toleo la 11 linataka Windows 11, toleo la 9 linakubali zote mbili. Kompyuta yangu ni ya zamani na nimeshaambiwa haiwezi kupandishwa. Kwa hiyo 299, na hata 179 ya Novemba, kwangu inakuja na bei ya kompyuta nyuma yake.

Nashukuruni nyote. Leo ni Ijumaa. Kesho nikitoka kurekodi nitaifungua ile saa ya duka la pili kwenye simu ya jirani, kama alivyoshauri Sikio la Tatu, nione kama kweli inaelekea Jumapili, kisha nitarudi kuwaeleza imeandika nini.